Nusu ya Thamani ya Nyumba: Waliohama Valmeyer na Waliobaki Bondeni

Yakizungumzwa mafuriko ya mto Mississippi, Valmeyer hutajwa kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mji huu wa Kaunti ya Monroe, jimbo la Illinois, Marekani, uliokuwa na watu 900 hivi, ulimezwa na maji Agosti 1993. Wakazi hawakuujenga tena palepale. Walinunua ekari 500 za mashamba juu ya genge la miamba, maili mbili hivi kutoka mji wa zamani, wakapanda huko na shule yao, makanisa yao na jina lao. Sifa zikiisha hufuata kejeli: na hao jirani zao wa Prairie du Rocher, Kaunti ya Randolph, wanangoja nini bondeni?

Hoja ya kuhama ni nzito, sitaipunguzia uzito. Maji yaliingia Valmeyer mwaka 1943, 1944 na 1947. Tuta la kuzuia mto likainuliwa, na bado 1993 likazidiwa. Kila ukarabati hulipwa kwa kodi za watu walio mbali, tena tuta refu la upande huu huubana mto ukapanda kwa jirani wa ng'ambo.

Kinachonikera ni neno moja: “waliamua.” Eti Valmeyer waliamua kwa busara, wenzao wamekaidi. Masharti ya bima ya mafuriko ya serikali kuu yanasema hivi: nyumba iliyo katika eneo la mafuriko, ikiwa kuitengeneza kutagharimu nusu ya thamani yake au zaidi, hairuhusiwi kurudishwa ilivyokuwa. Ama uinyanyue juu ya kiwango cha mafuriko ya miaka mia, yaani yale yenye uwezekano wa asilimia moja kutokea mwaka wowote, ama uondoke. Takriban asilimia 90 ya majengo ya Valmeyer yalivuka mstari huo.

Hebu tuichokonoe hiyo nusu. Tuseme mzee mstaafu ana nyumba ya mbao yenye thamani ya dola 30,000, kiwanja hakihesabiwi. Sakafu imevimba, nyaya zimeloa, mtambo wa kupasha joto umejaa matope: dola 15,000 tu, na nyumba imekwisha kisheria. Mwenzake mwenye nyumba ya dola 200,000, akipata hasara hiyohiyo ya 15,000, anapiga rangi na kurudi kulala kwake. Maji ni yaleyale, yamefika kimo kilekile ukutani. Kipimo hiki kinadai kupima hatari ya mto, kumbe kinachopima zaidi ni mfuko wa mwenye nyumba. Na serikali ikishanunua kiwanja kwa fedha za maafa, hakijengwi nyumba tena daima. Sasa mtu wa namna hiyo ameamua, au ameamuliwa?

Prairie du Rocher nusura yawakute hayohayo. Tarehe 1 Agosti 1993 tuta la Columbia, upande wa kaskazini, lilipasuka, na maji yakashuka nyuma ya matuta, yakapita Valmeyer, yakaelekea kwao. Walichofanya kinasikika kama wazimu: pamoja na wahandisi wa jeshi, walilitoboa kwa makusudi tuta la mto lililokuwa likiwalinda. Mississippi ukaingia mashambani taratibu, ukatandaza maji ya kuupokea ule mkondo uliokuwa ukija kwa kasi. Mashamba yakazama, mji ukapona. Wapo wanaosema ilikuwa bahati. Mimi naona watu waliojua maji yatatokea upande gani na wapi pa kuyapokelea, na ujuzi huo haubebwi kwenye lori la kuhamia.

Kuna na jambo ambalo jedwali la gharama halina safu yake. Mkesha wa Mwaka Mpya, waimbaji wa mji huu ulioanza 1722 huzunguka nyumba kwa nyumba na La Guiannée, wimbo wa Kifaransa waliourithi kwa waasisi. Desturi ya kugonga milango huhitaji milango iliyo karibu.

Mji mwingine wa bondeni, Kaskaskia, ndio unaonipa shida. Kule kubaki kumewagharimu. Palikuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo la Illinois, mwaka 1818. Mwaka 1881 mto ulihama njia na kuanza kuumeza mji. Hata wafu walifukuliwa wakapelekwa kuzikwa kilimani ng'ambo. Sasa kipande kilichobaki kiko upande wa Missouri, japo kisheria bado ni Illinois, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 21. Siwezi kumwambia mtu ajenge pale. Ila tusiwabebeshe lawama yote waliokaa: miti ya kingo ilikatwa kuwa kuni za meli za mvuke, na wapo wataalamu wanaoona kingo zilizobaki uchi ndizo zilizoporomoka. Waliofaidi safari hizo wengi wao hata hawakuishi hapo.

Kuhama kwenyewe, ukikutazama kwa karibu, ni nusu. Udongo wa bondeni ni mnono mno kuachwa, hivyo mahindi na soya bado vinalimwa kulekule chini. Kilichopanda genge ni vitanda. Kwa mwenye shamba na trekta, hiyo ni safari ya dakika chache kila asubuhi. Kwa yule mzee wa nyumba ya dola 30,000, dukani alikokuwa akienda kwa miguu sasa anahitaji gari.

Ningekuwa na kura, ningeanza na ile nusu: kipimo kiwe kina cha maji na mara yaliyoingia, bei ya nyumba ikae pembeni. Baada ya hapo ndipo tuulizane nani mkaidi.