Printa nyingi hazijafa, zimekatazwa kufanya kazi

Ukipeleka printa ya wino kwa fundi, kabla hajaichomeka kwenye umeme atakuuliza: "Umeweka wino gani?" Ukimwambia wa kujaza, wa Kariakoo, kesi imekwisha. Wino ndio ulioua. Mimi nina steshenari, wino wa kujaza ndio unaonilipia kodi ya fremu, na hukumu hii ya haraka imenichosha. Wino mbovu upo, nitafika huko. Lakini printa nyingi ninazoletewa zikiwa "zimekufa kwa sababu ya wino" hazijafa, na wino haukuhusika.

Makosa ya printa yako ya aina mbili. Kuna mashine iliyoshindwa kazi: karatasi imekwama, nozeli (vile vitundu vya kutolea wino) zimeziba, hedi, yaani kichwa kinachobeba nozeli hizo, imeungua. Halafu kuna mashine ambayo kazi inaiweza kabisa, ila aliyeitengeneza ameikataza. Kwa mteja, zote mbili ni taa tu inayopepesa, na hapo ndipo watu wanapoliwa hela.

Chukua Epson L3110, ile ya tangi la kumiminia wino wa chupa, ambayo steshenari nyingi zinayo. Asubuhi unaiwasha, taa ya wino na taa ya karatasi zinapepesa kwa zamu, hii ikiwaka ile inazima. Haitoi hata nukta. Wino umejaa, karatasi ipo. Maana ya taa hizo ni kwamba pedi ya wino mchafu imefika, au inakaribia kufika, mwisho wake. Kila unapoagiza usafi wa hedi, wino hufyonzwa kupitia kwenye nozeli na kumwagwa kwenye sifongo zilizomo ndani ya mashine. Sasa, printa haina kifaa cha kupima kama sifongo zimelowa. Inahesabu tu. Kila usafi unaongeza namba kwenye kumbukumbu yake, na namba ikifika kikomo kilichowekwa kiwandani, inajifunga. Ni sawa na gari lizime injini katikati ya barabara kwa kuwa kilomita za sevisi zimetimia, bila mtu yeyote kufungua boneti na kuangalia oili. Canon nao wana kosa kama hilo: kwenye kompyuta linaitwa 5B00, kwenye kioo kidogo cha printa linaandikwa P07.

Kikomo chenyewe si upuuzi, tuseme ukweli. Sifongo hujaa kweli. Jirani yangu wa biashara alikuwa akifuta hesabu kila printa ikijifunga, pedi haigusi, mpaka wino ukapita chini ya mashine na kuingia kwenye rimu za karatasi zilizokuwa rafu ya chini. Kinachoniudhi ni kwamba pedi ni kitu cha kusafishika. Kwenye L3110 kiboksi chake kiko nyuma, kimeshikwa na skrubu. Ukikivuta unakuta vipande vya sifongo vimepangwa kwa tabaka, vyeusi tii, vizito. Vaa glavu, maana wino huo ukiingia kwenye kucha unakaa. Piga picha kwa simu kabla hujatoa kipande cha kwanza, la sivyo kuvirudisha itakuwa shughuli. Mrija mwembamba unaoleta wino usiuache ukining'inia, utachora meza nzima. Osha kwenye ndoo, badilisha maji mpaka yatoke meupe, kamua, anika vikauke hasa, rudisha.

Umemaliza, kiboksi kisafi, na printa bado imejifunga. Sifongo imeoshwa, namba haijafutwa. Kufuta namba kunahitaji programu ambayo mwenye printa hapewi. Huko Marekani Epson imekuwa ikitoa ya bure, ya Windows, inayofanya kazi mara moja tu ili upate muda wa kuipeleka mashine kwenye huduma. Sisi tunaelekezwa kwenye kituo cha huduma, ambacho kwa mtu wa wilayani ni nauli na siku nzima duka limefungwa. Kwa hiyo watu wanaingia Telegram, wanapakua programu iliyovuja kutoka kwa mafundi, na agizo la kwanza wanalokuta ni kuzima antivairasi. Hebu fikiria: kompyuta ile ile yenye vyeti vya watu, namba za NIDA na barua za benki, inazimiwa ulinzi ili printa ikubali kwamba sifongo imeoshwa. Hatari hiyo haikuletwa na wino wa kujaza.

Wenzetu Ufaransa wamelipeleka suala hili kisheria. Mwaka 2015 walitunga sheria inayofanya kuwa kosa la jinai kukipangia kifaa kife mapema ili mteja anunue kingine. Mwaka 2017 shirika linaloitwa HOP likapeleka malalamiko dhidi ya watengenezaji wa printa, Epson wakiwemo, na waendesha mashtaka wa Nanterre wakafungua uchunguzi.

Kwa upande wa katriji, vile vikasha vya wino vya kuchomeka, mkatazaji ni chipu, kipande kidogo cha elektroniki kilicho kwenye katriji ambacho printa hukisoma. Tarehe 13 Septemba 2016 watu wengi wenye printa za HP OfficeJet waliamka wakakuta katriji za kampuni nyingine zinakataliwa, wakati jana yake zilikuwa zinachapa vizuri. Amri ilikuwa imeshaingizwa kwenye programu ya ndani ya printa, ikisubiri siku yake. Kelele zikapigwa, HP wakatoa programu ya hiari ya kuliondoa zuio hilo, lakini utaratibu wenyewe hawakuuacha. Kama una HP na unatumia katriji mbadala, zima masasisho ya kujiendesha yenyewe kabla hujafanya lolote lingine.

Canon angalau wanaacha mlango. Zile ndogo za katriji PG-445 na CL-446, kama MG2540S, huandika E13 wino ukikaribia kwisha na E16 ukishakwisha. Umejaza wino, bado inalalamika, kwa sababu haioni wino, inakadiria kwa kuhesabu. Bonyeza kitufe cha Stop, kishikilie sekunde tano au zaidi, achia. Itaendelea kuchapa, ila kuanzia hapo haitakuambia tena wino uliobaki.

Ruhusa hiyo ina masharti, na hapa ndipo ninapogombana na wajazaji wenzangu. Canon na HP hurusha wino kwa joto: kila nozeli ina kipande kinachochemsha wino ghafla, povu linazaliwa, tone linasukumwa nje. Wino huohuo ndio unaoipoza hedi. Ukilazimisha mashine ichape katriji ikiwa kavu, vile vipande vinaungua, na hakuna usafi utakaovirudisha. Kwa hiyo shikilia Stop pale tu unapojua umejaza. Epson haichemshi wino, inatumia kijiwe kinachojikunja kikipata umeme, lakini tangi likikauka hewa inaingia kwenye mirija na kuitoa ni mateso.

Na sasa wino wenyewe. Ule ulioandikwa kuwa unafaa printa zote, usinunue. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kwenye maji, na kuna wa chembe ndogondogo zinazoelea, ambao mafundi huuita pigimenti. L3110 inatumia chupa za namba 103, na rangi zote nne ni za kuyeyuka. Canon G2411 inatumia GI-490: chupa nyeusi ya mililita 135 ni ya pigimenti, rangi nyingine ni za kuyeyuka. Ukimimina nyeusi ya pigimenti kwenye tangi la L3110, unaitafutia hedi kuziba. Ukifanya kinyume kwenye Canon, maandishi yatatoka yamefifia kingo, na nakala ya cheti ikipata tone la mvua inachuruzika. Kuchanganya aina mbili ndani ya tangi moja ndiyo mbaya zaidi, kwani zinaweza kugandana. Dondosha maji kwenye ukurasa uliokauka vizuri, utajua ulichouziwa.

Wino mbadala uliotengenezwa kwa modeli yako, kwa kazi za notisi, mitihani na barua, sioni sababu ya kuuogopa. Kwa picha za kuweka ukutani miaka mingi, sawa, nunua wa kampuni. Wino bandia ni jambo jingine: chupa yenye jina la Epson ambayo Epson hawaijui. Watu wanaichanganya na mbadala, na mafundi wanafaidika na mkanganyiko huo. Bandia ni utapeli na anayeuza akamatwe. Mbadala umeandikwa jina lake mwenyewe, ni biashara halali.

Kinachoua nozeli kuliko wino ni kukaa. Shule zikifunga, printa inalala wiki kadhaa, wino unakauka kwenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna mteja. Rangi ikikatika, chapa kwanza ukurasa wa kukagua nozeli uone ni ipi, kisha safisha mara moja au mbili, halafu izime ilale. Epson wenyewe wanashauri ikae saa 12 bila kuchapa kabla ya kujaribu tena. Mtu anayebonyeza usafi mara kumi mfululizo anamaliza wino, na kila mara anaisogeza ile namba ya pedi kuelekea kwenye kikomo.

Karatasi kukwama sitaieleza sana. Ni kipande kilichobaki nyuma, pini, au karatasi iliyonyonya unyevu. Ukiwa Tanga au Dar, rimu iliyofunguliwa usiiache wazi.

Anayekwenda kununua printa ya tangi mwezi huu, kabla ya kuuliza bei amuulize muuzaji: wino mchafu unakwenda wapi, na nani anaruhusiwa kuutoa? Epson L6190 ina boksi la namba T04D1, na Canon G2420 na G3420 zina MC-G02. Unachomoa mwenyewe, unachomeka jipya, namba inaanza upya, hakuna Telegram wala nauli. Muuzaji akikujibu kwamba hilo ni la fundi, ongeza gharama ya fundi kwenye bei aliyokutajia ndipo ulinganishe.