Jina kando, kisa kando

Wengi nyumbani wanaamini wanawake wa huku Uswidi waliposimulia kunyanyaswa kingono kazini walisikilizwa kwa sababu wana ujasiri na sheria inawabeba. Hapana. Sheria ya kashfa ya huku ina meno: ukimtaja mtu hadharani unaweza kutiwa hatiani hata kama ulichosema ni kweli. Baada ya 2017 wapo wanawake waliohukumiwa hivyo. Kilichowaokoa wengine ni ufundi tu.

Novemba 2017 waigizaji wa kike 456 walitia saini barua iliyotoka katika gazeti la Svenska Dagbladet. Visa vilikaa peke yake, vifupi, bila jina la aliyetendewa wala la mtenda. Majina ya waliosaini yote yalikaa kando. Kutia saini hakukumaanisha kwamba una kisa. Wengine waliunga mkono tu. Mwajiri afanye nini? Hajui kisa kipi ni cha nani, na hawezi kuwafukuza wote. Kisha wakafuata wanasheria, wanamuziki, madaktari, kila fani na barua yake. Hapo msomaji haoni tena ugomvi wa watu wawili, anaona desturi ya kazi nzima.

Nyumbani tunamsukuma mmoja atangulie, na picha yake juu. Jioni haijafika anaulizwa alivaa nini na alifuata nini ofisini kwa bosi. Tanzania kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo. Kenya, Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa Februari 2017, lakini kesi ya madai bado inakungoja.

Kosa jingine ni kukusanyia visa kwenye kundi la WhatsApp. Kila namba inaonekana, sauti inatambulika kabla hujamaliza salamu, na simu yenyewe huenda inashikwa na mume au mdogo wake. Afadhali wawili wanaoaminika wazunguke ana kwa ana, waandike kwa mkono wao, kisha wamsomee mwenye kisa alichosema.

Katika kuhariri, ondoa wilaya, kabila, mwaka wa kuajiriwa, idadi ya watoto. Cheo nacho ni mtego: wilaya yenye shule tatu za sekondari, ukiandika “mkuu wa shule” umeshataja jina. Ila tendo lenyewe lisiguswe. “Alinisumbua” haimfikishi mtu popote. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaangalia nani ana mamlaka, alidai ngono, na kwa sharti gani: mkataba, alama, kupandishwa cheo. Yaandikwe hayo. Tena Kiswahili chetu hakitofautishi mke na mume katika kitenzi. “Alinambia” inamficha mtu vizuri, lakini ukisahau kusema ni mwanamume, ubaguzi wenyewe unapotea.

Hesabu nayo muhimu. Visa 15 na saini 15, kila aliyesaini amejianika. Visa 15 na saini 80, hapo kuna kichaka cha kujificha. Ukiwa na saini 12, ngoja.

Na saini hizo hazihitaji kuanza na mitandao. Vikoba vya mama lishe na wauza samaki vipo, na watu walioaminiana pesa wataaminiana na hili. Wanahabari wanawake nao walikwisha kujipanga: TAMWA, chama chao cha Tanzania, ipo tangu 1987, na jarida lake liliitwa Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar.

Pale kwa mhariri ndipo tofauti na Uswidi inapouma. Huku katiba inaikataza serikali hata kuuliza nani alimpa mwandishi habari. Nyumbani usimwachie mhariri mzigo huo: mpelekee visa vilivyochapwa na kuchanganywa, saini kwenye karatasi nyingine, na zile karatasi za mkono ziwe zimeshachomwa.