Mwenza haondolewi kwenye bima kwa tangazo la ukutani

Kuna ofisi hapa Dodoma imebandika tangazo: mtumishi aliyeandikisha mwenza bila cheti cha ndoa akilete ndani ya siku 14, la sivyo jina la mwenza linafutwa kwenye bima ya afya. Limenikasirisha sana.

Hizo siku 14 zimetoka wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla. Kwa hiyo hata anayekimbilia bomani leo hii, kwa utaratibu wa kawaida hawezi kuwahi. Nkuhungu na Chang'ombe wamejaa watu walioishi pamoja miaka, wana watoto, mahari imetolewa nusu na ng'ombe waliobaki bado wanadaiwa. Kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinasema walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, wachukuliwe kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye kuamua hilo ni mahakama. Afisa utumishi hana mamlaka hayo.

Haya, wapo walioandikisha dada zao kama wake. Hao wabaneni. Na kwa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, cheti cha ndoa kinatakiwa, mwajiri hana ujanja. Lakini ofisi hii ina mkataba na kampuni binafsi, na nani aitwe mwenza ni jambo linalojadiliwa kabla ya kusaini. Ombeni kiapo cha wote wawili mbele ya wakili, barua ya mtendaji wa mtaa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Inatosha.

Wakiachana kweli, bima ya mwenza ina haki ya kukoma. Ila mtumishi kupita ofisini na kusema "mtoeni yule" haitoshi. Aandike barua, asaini, aweke tarehe. Kisha ofisi imwandikie anayeondolewa, siku 30 kabla. Asipojulishwa, atajua siku kadi inapokataa dirishani, pengine amefuata dawa za presha, pengine ni mjamzito na kliniki ni kesho. Mwezi huo utamwezesha kumaliza vipimo alivyoandikiwa, kuchukua dawa na kutafuta bima yake. Tarehe ya kukoma iwe moja kwenye barua, kwa kampuni ya bima na kwenye makato ya mshahara. Zikipishana, kampuni inakataa madai, hospitali inataka pesa taslimu, na mtumishi anaendelea kukatwa. Kadi irudishwe siku hiyo ya mwisho, maana ikitumika baadaye deni linamrudia mwajiri, naye atalikata kwa mtumishi.

Kinachoniuma kuliko vyote ni watoto kufutwa pamoja na mama, kwa sababu tu fomu iliwaorodhesha chini ya jina lake. Mtoto hategemei ndoa ya wazazi. Cheti chake cha kuzaliwa kinamtaja baba, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha mzazi kumtunza. Kadi zao pia ziende kwa anayeishi nao. Watoto wakiwa Kondoa na mama yao, kadi zikiwa kwenye droo Mtumba, hakuna atakayetibiwa. Kabla fomu ya kumwondoa mwenza haijatumwa, afisa utumishi aandike jina la kila mtoto anayebaki, na mtumishi asaini hapohapo.