Mnara Mweupe Usio Mweupe

Jina la Thessaloniki, mji wa bandari wa Ugiriki, nimelisikia kanisani tangu utotoni: "Waraka wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike." Kichwani mwangu palikuwa mahali pa kwenye Biblia tu, sawa na Galatia. Sikutegemea foleni za magari, wala vijana wanaokunywa kahawa ya barafu ufukweni mchana kutwa kana kwamba hakuna anayekwenda kazini. Nilipofika Thessaloniki nikafanya kama kila mgeni: nikaenda moja kwa moja kwenye Mnara Mweupe.

Si mweupe. Una rangi ya mchanga. Zama za utawala wa Waturuki ulikuwa gereza, wafungwa wakiuawa humo, hata watu wakauita Mnara wa Damu. Mwishoni mwa karne ya 19 ukapigwa chokaa na kupewa jina jipya. Chokaa imekwisha, jina limebaki. Tangu hapo nikawa nautazama mji mzima kwa shaka: wapi kwingine pamepigwa chokaa?

Kwingi. Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 walipokelewa hapa, na kwa karne kadhaa wakawa kundi kubwa kuliko yote mjini, wakizungumza Kihispania chao cha kale, Kiladino. Makuli na wavuvi wengi walikuwa wao, ndiyo maana Jumamosi bandari ilifungwa. Bandari nzima, kwa ajili ya Sabato! Ugiriki iliutwaa mji mwaka 1912; mwaka 1917 moto ukaunguza katikati yake na kuacha watu zaidi ya 70,000 bila makazi. Kisha wakaja Wajerumani. Julai 1942 walikusanya maelfu ya wanaume wa Kiyahudi juani, wakawadhalilisha, kwenye uwanja uitwao Eleftherias, yaani Uhuru. Mwaka uliofuata treni zikapeleka zaidi ya watu 45,000 Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Karibu wote waliuawa.

Na uwanja huo wa Uhuru? Kwa miaka mingi ulitumika kuegesha magari.

Kuna watakaoniambia mtalii amekuja kula samaki, matanga ya watu yanamhusu nini. Samaki nilikula, na bougatsa ya krimu, ile keki ya matabaka membamba, nikarudia mara mbili. Ila kupiga picha mnarani na kuondoka naona ni sawa na kwenda kwa mtu, ukasifia mapazia, usiulize habari za wenye nyumba. Wala siwalaumu wakazi wa leo kirahisi. Wengi ni wajukuu wa wakimbizi waliotolewa Uturuki kwenye mabadilishano ya watu ya 1923 kati ya Ugiriki na Uturuki, nao walifika na msiba wao mkononi. Anayestahili lawama ni anayechora ramani za watalii, anayetuelekeza kwenye foleni moja tu.

Kwa ushauri wangu, mnara upe nusu saa. Halafu panda hadi Chuo Kikuu cha Aristotle. Kimejengwa juu ya makaburi ya Wayahudi yaliyobomolewa kuanzia Desemba 1942, mawe yake yakachukuliwa kujengea huku na kule mjini. Kumbukumbu ya hapo chuoni iliwekwa mwaka 2014 tu. Siku niliyokwenda hapakuwa na foleni wala tiketi. Wanafunzi wawili walikuwa wameketi karibu, wakigawana koulouri, ule mkate wa duara wenye ufuta, huku wakibishana kuhusu mtihani.