Ekari ilizaliwa kwenye matuta haya

Ukipanda treni kutoka London kwenda Leicester asubuhi ya Januari, kaa dirishani. Jua la majira ya baridi liko chini sana, na malisho ambayo Julai ungeapa kuwa ni tambarare huonyesha matuta yake yote. Tuta, mfuo, tuta, mfuo, hadi kwenye ua wa michongoma. Mara nyingine yanapita chini ya ua na kuendelea upande wa pili, maana yalitangulia ua kwa karne kadhaa.

Mara ya kwanza nilipoyaendea kwa miguu, sakitu ilikuwa imeshayeyuka kwenye migongo ya matuta, lakini mifuoni nyasi zilikuwa bado nyeupe. Kondoo walilala juu ya matuta, kwa kuwa huko ndiko kukavu. Nilikata shamba kwa upana nikihesabu: hatua nane kutoka mgongo hadi mgongo, na nikisimama mfuoni tuta lilinifika karibu na goti.

Ni kazi ya plau ya zama za kati, iliyoangusha udongo upande mmoja tu, wa kulia. Mkulima alianzia katikati ya kipande chake, akazunguka na maksai wake kutoka ndani kwenda nje, na kila mzunguko ukatupa udongo kuelekea katikati. Fanya hivyo vizazi na vizazi, tuta litapanda lenyewe. Halafu angalia umbo lake: halikunyooka, limejipinda kama herufi S iliyogeuzwa. Maksai wanane waliofungwa wawili wawili ni msururu mrefu, na ili wageuke vizuri mwisho wa shamba, ilibidi uanze kuwapindisha kushoto mapema. Mpindo ule umeachwa na ng'ombe waliokufa miaka 700 iliyopita. Mimi kila nikiuona hunisisimua.

Na ekari ilitoka hapo hapo. Kipimo hiki tulichokipokea kwa Waingereza, tunachonunulia na kugombania mashamba mpaka leo, kilikuwa kazi ya siku moja ya maksai: urefu wa mita 201, upana wa mita 20. Ndiyo maana ekari ya asili ilikuwa nyembamba na ndefu. Kugeuza ng'ombe ni taabu, bora uende mbali kabla ya kugeuka.

Mashamba hayo hayakuwa na uzio. Kijiji kilikuwa na makonde makubwa mawili au matatu, kila kaya ikiwa na vipande vilivyotawanyika humo, na konde moja likipumzishwa kila mwaka. Kule Padbury, Buckinghamshire, ipo ramani ya mwaka 1591 inayoonyesha vipande kimoja kimoja. Picha zilizopigwa kutoka ndegeni zilipolinganishwa nayo, matuta yaliangukia palepale. Laxton, Nottinghamshire, bado wanalima kwa utaratibu huo, na kila mwaka baraza la wakulima hutoka kukagua mipaka ili kuona nani amemega njia kwa plau yake.

Karibu kwingine kote utaratibu huo ulikufa, na hapa ndipo panaponiuma. Matuta yalinusurika kwa sababu watu waliondolewa. Tauni ya 1348 na 1349 ilipunguza wakulima, mabwana wenye ardhi wakaona sufu ina faida kuliko ngano, vijiji vingine vikaachwa mahame. Kisha Bunge likaja na sheria za kuzungushia ardhi uzio: zaidi ya 5,200 kati ya 1604 na 1914, juu ya ekari milioni 6.8. Wengi walipoteza mahali pa kulisha ng'ombe wao mmoja. Nyasi zilizoota baada ya hapo ndizo zilizoyafunika matuta na kuyatunza.

Sasa nyasi zenyewe zinakwenda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilihimiza malisho yalimwe upya kwa ajili ya chakula, na siwezi kuwalaumu watu waliozingirwa. Lakini ulimaji uliendelea baada ya vita, na trekta yenye plau ya kina husawazisha matuta kwa misimu michache. Sheria ya 1979 ya kulinda mabaki ya kale inayagusa machache tu, hasa yaliyo kando ya mahame ya vijiji. Najua jibu la wengi: matuta yapo tele, hatuwezi kulinda kila shamba. Sisemi kila shamba. Nasema yaliyobaki yakiwa kamili, kijiji kizima na makonde yake, yalindwe kama kasri linavyolindwa, na mkulima alipwe kwa kuyaacha chini ya nyasi. Bwana wa kasri alikuwa na makarani wa kumwandikia habari zake. Waliolima matuta haya wengi wao hawakujua kusoma, na wameacha hiki.

Kwenye geti la shamba lile la kondoo pamebandikwa tangazo la maombi ya ujenzi wa nyumba. Nimeandika kwa halmashauri kurasa mbili, nikaambatisha picha za asubuhi ile ya sakitu, na nikaomba wajenge upande wa barabara, ambako palishasawazishwa zamani. Mwisho wa kupokea maoni ni Ijumaa.