Nimemaliza Crisis Core, na lile dubwi la kwenye kona bado linazunguka kichwani

Juzi usiku, saa saba na kitu, nimemaliza Crisis Core: Final Fantasy VII kwenye PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, nikaizima, nikaiweka juu ya meza, nikabaki nimekaa tu gizani kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Naandika kwa sababu nyumbani hakuna wa kuongea naye, mdogo wangu aliangalia kipande tu. Kama hujaicheza na una mpango wa kuicheza ishia hapa jamani, maana ninachotaka kusema kiko mwishoni kabisa na siwezi kukizunguka.

Kwa wasioijua, hii ni gemu ya Square Enix, ilitoka Japani Septemba 2007, Marekani na Ulaya wakaipata 2008, aliyeiongoza ni Hajime Tabata. Inasimulia mambo yaliyotokea kabla ya Final Fantasy VII, ile ya 1997 ya kwenye PlayStation ya kwanza yenye CD tatu. Unacheza kama Zack Fair, kijana wa kijijini Gongaga aliyekwenda mji mkubwa wa Midgar kujiunga na SOLDIER, kikosi maalumu cha kampuni ya Shinra, na ndoto yake ni moja tu, kuwa shujaa. Sasa wengi waliocheza ile ya 1997 wanajua kwamba Zack kafa. Yaani unainunua gemu na mwisho wake unaujua tayari, na walioitengeneza wanajua kwamba unaujua, na bado wanakukalisha masaa thelathini na huyo kijana ili umpende kwanza.

PSP yenyewe nilipewa na mtoto wa shangazi yangu, kioo kina michirizi na batani ya mraba inahitaji kubonyezwa kwa nguvu kidogo, lakini diski ilikuwa nzima. Na kwa Crisis Core diski ndiyo kila kitu, maana hawakuwahi kuiuza kwa kudownload kwenye PSP, kwa hiyo kwa miaka kama kumi na tano ukitaka kuicheza kihalali ilibidi uwe na kile kidiski kidogo cha UMD, mpaka lilipotoka toleo lake jipya, Reunion, Desemba 2022 kwenye mashine za sasa. Napenda ule mlio wa diski ikianza kuzunguka kabla sehemu mpya haijafunguka. Unaishika mkononi unasikia kabisa kwamba kuna kitu humo ndani kinafanya kazi.

Haya, twende kwenye mapigano, maana hapo ndipo watu wengi wanapoishia kuichukia. Unatembea kwenye korido, ghafla sauti ya mwanamke inatangaza vita imeanza, unakata na upanga, unakwepa, unajikinga, unatupa moto au barafu kutegemea na materia (vijiwe vya uchawi) ulizovaa, vyote hapo hapo bila kusubiri zamu. Hapo sawa. Ila juu kushoto kwenye skrini kuna kitu kinaitwa DMW, yaani Digital Mind Wave, na namna rahisi ya kukielezea kwa mtu wa Dar ni kwamba ni dubwi. Lile lile la kamari, safu tatu zinazunguka zenyewe, zina namba na zina sura za watu. Wewe huligusi, linakula pointi zako linazunguka tu. Namba zikijipanga vizuri unapata zawadi, labda kwa muda uchawi unautumia bure, labda risasi hazikuumizi, zikitoka saba tatu Zack anapanda levo. Sura zikifanana, gemu inasimamisha vita, dubwi linajaa skrini nzima, na likikubali unapata pigo kubwa la huyo mtu, sura ya Sephiroth, SOLDIER mashuhuri kuliko wote, inakupa mapanga manane ya haraka, ya Aerith, msichana wa maua anayependana na Zack, inakurudishia uhai.

Masaa kumi ya kwanza lilinikera kweli. Uko katikati ya bosi, umeshapata mdundo wake, unajua akiinua mkono ukwepe kulia, halafu paa, kila kitu kinasimama kupisha dubwi, na mara nyingine halitoi hata kitu, unarudi vitani mdundo umeshapotea. Na kupanda levo kwa bahati? Mtu nimezoea gemu ambapo ukiua wadudu mia unajua umepata kiasi gani. Nilikuwa namwambia kila mtu kwamba gemu ni nzuri ila wameiharibu kwa kamari. Kuna kitu sikukielewa kipindi kile, kwamba zile sura hazijawekwa pale kama pambo. Ni kumbukumbu za Zack. Mtu haingii kwenye dubwi mpaka Zack awe amekutana naye kwenye stori, na mara nyingine dubwi likisimama linakuonyesha kipande cha tukio lao, mazungumzo mafupi tu ambayo huyaoni kwingine kokote, halafu nafasi ya huyo mtu kutokea inaongezeka. Yaani ukipigana, unapigana ukiwa na watu unaowakumbuka. Hilo nimelielewa juzi saa saba usiku, basi.

Angeal ndiye aliyenishika mapema. Ni mwalimu wa Zack, anabeba mgongoni Buster Sword, lile panga pana kama mlango, na karibu hulioni akilitumia kwa sababu anasema kulitumia ni kulichakaza. Wengine wanamcheka kwa ubahili. Kumbe baba yake alikopa kulifua siku mwanawe alipoingia SOLDIER, halafu akafanya kazi kulipa lile deni mpaka kazi ikamuua. Niliposikia hiyo niliweka PSP chini kidogo. Nani hapa hajui mzazi aliyeuza shamba ili mtoto aende shule? Na huyo mtoto akishafika mjini anatembea na lile shamba mgongoni siku zote. Angeal anamwita Zack kijibwa kwa sababu hatulii, mara achuchumae na kuinuka mara hamsini kwa kukosa kazi, mara aulize maswali. Kwa Kiswahili kumwita mtu mtoto wa mbwa ni kutafuta ugomvi, lakini pale unasikia kabisa ni mapenzi ya kaka mkubwa. Halafu ndiyo huyo huyo Zack anakuja kulazimika kumuua kule Modeoheim, na anaondoka na panga.

Genesis sasa. Huyu ni SOLDIER mwingine wa daraja la kwanza, mwenye koti jekundu, sura yake walimtumia mwanamuziki wa Kijapani Gackt. Kila anapotokea anasoma shairi lile lile, LOVELESS, na ile tofaa ya kijijini kwao Banora mkononi. Mimi Genesis sikumpenda mpaka mwisho na sitaki kujilazimisha. Stori ya seli zake kuoza na majeshi ya nakala zake inachukua nafasi kubwa kuliko inavyostahili, na kila mara nilikuwa nataka turudi mjini kwa Aerith.

Misheni za pembeni ni mia tatu. Mia tatu! Na ramani ni zile zile chache, pango lile, jangwa lile, ghala lile, unaingia unapita unaua bosi mdogo unafungua sanduku unatoka, dakika tatu au nne. Ukizicheza kwa kukaa kwenye kochi zitakuchosha siku ya kwanza. Mimi nilizicheza kwenye daladala, Mbagala mpaka Posta, foleni ikiwa kali nazimaliza hata sita, na nikiona kituo changu kinakaribia nasukuma tu swichi inalala, jioni naendelea pale pale. Hapo unaona kabisa waliitengeneza kwa ajili ya mashine ya mkononi, hawakuipunguza kutoka kwenye kitu kikubwa. Nilifanya kama mia na ishirini nikaacha.

Aerith. Zack anaanguka kutoka juu, anatoboa paa la kanisa kule mitaa ya chini ya Midgar, anatua kwenye maua, na msichana anamwinamia. Kwa waliocheza ya 1997 moyo unaruka, maana Cloud, mhusika mkuu wa ile gemu, naye alianguka hivyo hivyo kanisa hilo hilo. Wanatembea sokoni, Zack anamnunulia utepe, baadaye anamtengenezea mkokoteni wa kuuzia maua, na mkokoteni wenyewe siyo mzuri hata kidogo. Hakuna mambo makubwa. Aerith ana vitu ishirini na vitatu anavyovitaka, vidogo vidogo, anaviandika kwenye karatasi, halafu kwa kuwa Zack anaweza asivikumbuke vyote anavifupisha kuwa kimoja, anataka kukaa naye zaidi kidogo. Basi.

Kisha Nibelheim, Sephiroth anachoma kijiji, na Zack pamoja na Cloud, ambaye hapa bado ni askari wa kawaida wa Shinra, wanaingia mikononi mwa Hojo, mwanasayansi wa Shinra. Zack anapozinduka kwenye ile maabara anavunja kioo anamtoa na Cloud, ambaye hawezi hata kusema, wanakimbia, na wewe mchezaji unaona kama umepita usiku mmoja tu. Halafu Zack anapata barua ya Aerith. Anasema hii ni ya themanini na tisa, na ni ya mwisho, hataandika tena, na miaka minne imepita. Miaka minne mtu aliandika na hakujibiwa hata mara moja. Zack anaisoma anabaki kujiuliza, minne? Mimi nilikuwa nimelala kitandani na umeme ulikuwa umekatika, mwanga pekee chumbani ni kile kioo, betri imebaki kijistari kimoja, na nikasema leo simalizii, halafu nikaendelea.

Mwisho uko kwenye kilima cha mawe nje ya Midgar, mji unauona kabisa kwa mbali. Zack anamficha Cloud nyuma ya jiwe, anamsugua kichwa, anageuka, na jeshi la Shinra limejaa mpaka linakoishia jicho. Nilidhani wataniwekea video. Wakaniachia nipigane mwenyewe. Mdogo wangu akawa ameamka, amekaa pembeni, anaona nawaangusha askari watanowatano, akasema "kaka si unashinda?" Nikamwambia nyamaza kwanza. Wakiisha hawa wanakuja wengine, helikopta juu, uhai unashuka, na wewe bado unabonyeza, unakwepa, unatupa uchawi, unafanya kila ulichojifunza masaa thelathini.

Wanabaki askari watatu. Zack hawezi tena kukimbia, anakokota mguu, ukibonyeza anainua upanga polepole kama ameshika chuma cha reli. Na dubwi linaanza kuzunguka.

Safari hii halikupi kitu. Linazunguka, zinatokea zile sura, Angeal, Sephiroth, Cissnei na Tseng wa Turks, kikosi cha siri cha Shinra, Cloud, na kila moja inakuja na kipande chake cha kumbukumbu halafu inafifia, inakuwa nyeupe, haipo tena. Wewe unabonyeza, safu zinakwama, zinaruka, picha zinachanika. Anapigwa risasi unabonyeza. Mpaka imebaki sura moja tu, ya Aerith, safu zote zinamtafuta yeye, inataka kusimama haisimami, inarudi inataka kusimama, na mimi nilikuwa nabonyeza ile batani kwa nguvu mpaka kidole kikauma, nikisema simama, simama, kwa sauti. Haikusimama. Ikazima.

Kile kitu nilichokisema kwamba wameiharibu gemu nacho ndicho kilichofanya nikione kifo cha mtu kutokea kwa ndani. Filamu ingenionyesha uso wa Zack, kitabu kingeniambia alimkumbuka nani. Hapa kumbukumbu zake zilikuwa kwenye mikono yangu, nilikuwa nazitumia kila siku, nazitegemea ziniokoe, nilikuwa hata nazilalamikia, na zikaondoka moja moja huku kidole changu kiko kwenye batani na hakuna cha kufanya. Ndiyo maana nasema wale wanaotaka ile DMW iondolewe kabisa wanakosea. Jamaa yangu ana Reunion, nimemwangalia akicheza, pigo kubwa unaliita mwenyewe unapotaka, mapigano yanatiririka, inapendeza sana kuliko yangu. Lakini mimi nafurahi nilicheza ile inayokukatiza. Ule usumbufu wote ulinizoesha kuliangalia.

Baada ya hapo mvua. Cloud anatambaa mpaka alipolala Zack, Zack anamvuta kichwa kifuani, damu inamwingia usoni, na anamkabidhi lile panga la baba yake Angeal, anamwambia yeye ndiye atakayebaki kuwa ushahidi kwamba aliishi. Muziki wa Takeharu Ishimoto unapigwa, gitaa, siuwezi mpaka leo. Mdogo wangu aliuliza "sasa amekufa?" nikamwambia amekufa. Akauliza kama naweza kurudia ile vita nimshindie. Nikamwambia hairudiwi hivyo, nenda kalale.

Jana jioni nimewasha ile ya 1997. Niliicheza zamani nikiwa mdogo nikidhani Cloud anaringa tu. Treni inaingia stesheni, anaruka kutoka juu ya behewa, panga mgongoni, na baada ya muda kidogo wenzake wanasema kwamba aliwahi kuwa SOLDIER. Sikuendelea. Nilibaki naliangalia lile panga, limetengenezwa kwa pembe chache tu za grafiki za enzi hizo, rangi ya kijivu, na najua limepita kwa nani na kwa nani mpaka kufika pale.