Mnyororo mpya juu ya sproketi iliyokwisha ni hasara tupu

Chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ikianza kulegeza mnyororo kila mara, lawama zote huenda kwa mnyororo. Unanunuliwa mwingine, unafungwa, na haupiti muda malalamiko yanarudi yale yale. Mimi ningeanza na sproketi, kigurudumu chenye meno kilichojificha nyuma ya kifuniko cha upande, ambacho wengi hawakigusi mpaka kiwagomee kabisa.

Ndimi za chini ya mnyororo huingia kwenye mabonde kati ya meno ya sproketi. Vyote vikiwa vipya, ndimi kadhaa hubeba mzigo kwa pamoja. Mnyororo ukitumika, ribiti zake (pini zinazounganisha vipande vyake) hulegea na umbali kati yake huongezeka, kwa hiyo kila ulimi hugonga jino mahali pasipo pake na kulichimba. Sasa funga mnyororo mpya juu ya mashimo hayo: ulimi mmoja au mbili zinabeba mzigo wote, nyingine zinapanda juu ya jino na kuruka. Mnyororo mpya unarefuka haraka, na kingo za ndimi zinafura mpaka zinakwama kwenye mfereji wa baa, kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka. Hapo umepoteza mnyororo, na baa nayo imeanza kuumia.

Kipimo ni rahisi. Alama za kuchimbika zikifika kina cha milimita 0.5, sproketi imekwisha. Pitisha ukucha juu ya jino. Ukinasa kwenye ngazi, usiendelee kubishana na chuma. Kanuni ya mafundi ni sproketi moja kwa minyororo miwili, na naona njia bora ni kununua minyororo hiyo miwili pamoja na kuifunga kwa zamu, ili vyote vitatu vichakae kwa mwendo mmoja.

Sproketi ziko za namna mbili. Kuna ile iliyoungana na dramu ya klachi (kikombe cha chuma ambacho klachi hukizungusha), meno yakiisha unatupa vyote. Nyingine ni pete inayoteleza juu ya kitovu chenye mifereji. Hapo unabadilisha pete tu, na dramu inabaki. Kwa anayekata kila siku, sioni sababu ya kutochagua pete, kama chenso yake inaikubali. Pichi, yaani kipimo cha nafasi kati ya ribiti kwa inchi, lazima ilingane na mnyororo na ncha ya baa: 3/8 kwa 3/8, .325 kwa .325. Na wale wanaopenda kutoka meno 7 kwenda 8 wajue kwamba kasi ya mnyororo inaongezeka kwa takriban asilimia 14, lakini nguvu ya kuvuta inapungua kwa takriban asilimia 12.5. Kwenye gogo gumu na baa ndefu, huo si ujanja.

Dramu yenyewe inauawa na joto. Kukata huku kifyatuo cha mafuta kimevutwa nusu tu, kulazimisha baa iliyobanwa, au kuvuta mafuta huku breki ya mnyororo imefungwa, kote huko viatu vya klachi vinateleza ndani ya dramu. Ikigeuka rangi ya buluu, imeshachomeka. Grisi ya beringi inakauka, na gia ya pampu ya oili, ambayo kwenye mashine nyingi ni ya plastiki, inaweza kuyeyuka. Dramu yenye ufa, au iliyolika mpaka ukaona ukuta umekuwa mwembamba, haina marekebisho. Itupe.

Kwenye kufungua ndipo uharibifu mwingi unapotokea. Kama dramu iko nje ya klachi, kazi ni ndogo: ondoa klipu na washa (ile pete bapa), kisha vuta dramu itoke. Klachi ikiwa nje, inabidi itoke kwanza, na nyuzi zake ni za kinyume: inalegea kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Injini lazima izuiwe isizunguke. Toa plagi, vuta kamba ya kuwashia polepole mpaka pistoni iwe inapanda na imeshafunika tundu la eksozi, kisha jaza kamba safi kwenye silinda, mkia wake ubaki nje. Tundu likiwa wazi, kamba itaingia humo na kukatwa na pistoni. Bisibisi ndani ya silinda sitaki hata kuisikia, inatoboa pistoni.

Beringi ya sindano ioshe, itazame, itie grisi kidogo. Ikiwa na sindano iliyopinda au inacheza, badilisha pamoja na dramu. Wakati wa kurudisha, zungusha dramu polepole mpaka waya au ndoano ya gia ya pampu iingie kwenye pengo lake. Hili ndilo kosa linalorudisha chenso nyingi kwa fundi: ndoano haikukaa, pampu haizunguki, baa inaungua ikiwa kavu.

Ukimaliza kufunga, washa na uelekeze ncha ya baa kwenye ubao mweupe bila kuugusa, vuta kifyatuo cha mafuta: mstari wa oili uonekane. Kisha kiachie. Mnyororo usimame. Ukiendelea kuzunguka wakati sailensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) iko chini inavyotakiwa, fungua tena ukague springi za klachi, kwani moja ikikatika au kulegea, kiatu kinagusa dramu muda wote.